Kwa nini tafiti nzuri za wanafunzi kuhusu shida za watu wa ziwani hazitambuliwi popote?

#1 Kijana wa Malimbe

Wakuu, habari za jioni.

Vyuo vyetu vya hapa Mwanza vinatoa wahitimu kila mwaka, SAUT pale Malimbe, Bugando upande wa afya, na vingine, na karibu kila mhitimu ameandika utafiti. Ingia maktaba uone yaliyomo: watoto wanaoacha shule kwenda kubeba ndoo za dagaa mialoni kunakoegeshwa mitumbwi ya uvuvi, wajane wanaonyang'anywa mashamba, vikongwe wanaouawa kwa kuitwa wachawi, wanawake waliozama kwenye mikopo ya kausha damu. Nyingine ni kazi nzuri kabisa, mtu amelala kisiwani wiki nzima kutafuta majibu. Zikishabaindiwa jalada jeusi lenye herufi za dhahabu, basi. Mwandishi hasikiki tena.

Mkulima bora tunamtangaza Nane Nane. Mfanyakazi bora tunamtangaza Mei Mosi. Utafiti bora wa mwanafunzi kuhusu matatizo ya jamii Kanda ya Ziwa unatangazwa wapi?

Nadai sababu ni moja tu: mashine inapendwa, shida ya mtu haipendwi. Mwanafunzi akitengeneza kikaushio cha dagaa atapigwa picha na viongozi. Akichunguza kwa nini mama anayeanika dagaa hao habaki na kitu mwisho wa mwezi, hana wa kumpiga picha.

Nawasilisha.

#2 Mzee wa Kamanga

Hoja nzuri, ila usiseme hakuna popote. Young Scientists Tanzania wapo tangu 2011, wanashindanisha wanafunzi wa sekondari, na moja ya makundi yao ni sayansi ya jamii na tabia. Mashindano ya MAKISATU ya Wizara ya Elimu na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, yalianza 2019, hayo kweli yameegemea ubunifu na teknolojia. Na UDSM wana wiki yao ya utafiti, washindi wanatangazwa.

Sema hivi: kwa mwanafunzi wa chuo, aliye huku ziwani, anayeandika kuhusu watu, mlango ni mwembamba. Hapo nakuunga mkono.

#3 Mwl. Buswelu

Mzee wa Kamanga kasema kweli, kundi la sayansi ya jamii lipo. Tatizo linaanza shuleni kabla ya kufika huko. Niliwahi kuwa na vijana wa kidato cha tatu walioamua kuchunguza utoro siku za mnada. Walikaa na daftari la mahudhurio la mwaka mzima, wakaweka tarehe za mnada pembeni, wakachora grafu kwa mkono. Mstari wa mahudhurio unashuka siku ya mnada, unapanda kesho yake. Nilisisimka.

Uongozi wa shule niliyokuwapo wakati ule ukawaambia watafute kitu kinachowaka taa. Wakaacha. Mmoja wao alikuja kuniuliza kama walikosea mahali. Hawakukosea popote.

Kwa hiyo kijana wa Malimbe, kwenye hilo la mashine niko na wewe.

#4 Karabai

Mimi ni mvuvi, nasoma tu mnavyojadili. Niwape sababu ya kwangu: hizo tafiti nyingi hazina mashiko kwa sababu wanaozifanya hawajui ratiba yetu.

Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali tunapumzika, tunashona nyavu, tunakwenda kusalimia nyumbani. Sasa mwanafunzi anakuja na dodoso lake katikati ya msimu wa giza, saa tatu asubuhi, sisi tumetoka majini alfajiri tunataka kulala. Anajibiwa na nani? Na kijana wa kuchuuza vocha, na mama ntilie, na yeyote aliye macho. Halafu anaandika "wavuvi walisema". Hatukusema.

#5 Stesheneri Nyegezi

Nachapa na kubaindi kazi za wanafunzi, nazungumza ninachokiona. Kazi ileile inaletwa kwa majina tofauti. Wilaya inatoka Magu inakuwa Misungwi, mwaka unabadilishwa, majedwali yanabaki yaleyale mpaka desimali. Kuna aliyesahau hata kubadilisha jina la kijiji ukurasa wa shukrani.

Mkitaka tuzo, kwanza mniambie nani atakayekagua. Zawadi ikiwa nono, biashara ya kuandikiana itanoga zaidi.

#6 Binti Nansio

Kaka wa stesheneri, ulichosema kipo, ila usiwachome wote kwa moto mmoja. Mimi naona umegeuza chanzo kuwa matokeo. Mtu anabadilisha Magu kuwa Misungwi kwa sababu anajua hakuna atakayesoma. Angejua siku moja atasimama Misungwi mbele ya wenye kijiji asome alichoandika, asingethubutu. Swali la kwanza tu lingemtoa jasho.

Na Karabai, wabeja sana kwa hilo la mbalamwezi. Nina mdogo wangu anaandaa dodoso, nimemtumia posti yako sasa hivi.

#7 Mtafiti Mstaafu

Nimefanya kazi za utafiti kanda hii muda mrefu, naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa: tuzo hupenda habari njema.

Kati ya 1991 na 1994 jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza zilishiriki utafiti wa swali moja: zahanati zikitibu vizuri magonjwa ya zinaa, je, maambukizi mapya ya VVU yatapungua? Yalipungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo yakachapishwa 1995, yakasomwa dunia nzima, na jina la Mwanza likaingia kwenye vitabu vya afya ya jamii.

Baadaye ukaja MEMA kwa Vijana. Jamii 20, elimu ya afya ya uzazi kwa darasa la 5 hadi la 7, huduma rafiki kwa vijana zahanati. Vijana walijua mengi zaidi kuliko wenzao, wakaeleza mitazamo mizuri zaidi, lakini vipimo vya damu havikuonyesha VVU kupungua. Walirudi tena miaka kadhaa mbele, 2007 na 2008, majibu yakawa hayohayo.

Kwangu mimi utafiti wa pili una thamani sawa na wa kwanza, pengine zaidi, kwa sababu ulituonya tusidhani kumfundisha mtoto darasani kunatosha wakati kijiji kizima kinachomzunguka hakijabadilika. Sasa niambieni, kamati ya tuzo ingempa nani? Mwanafunzi akigundua kwamba mradi unaosifiwa haufanyi kazi, nani atampandisha jukwaani?

#8 Ng'wana Magu

Mzee wangu #7, shikamoo. Habari ya 1995 haikuishia hapo. Upande wa pili wa ziwa, Rakai, Uganda, walifanya utafiti wao, wakagawa dawa nyumba kwa nyumba, na matokeo ya 1999 yakasema VVU haikupungua. Watafiti walibishana miaka. Wengine walisema Uganda janga lilikuwa limeshakomaa, wengine walisema kutibu wenye dalili zahanati si sawa na kumgawia kila mtu dawa. Ushindi wa Mwanza usielezwe bila Rakai.

La pili ni la moyoni. Mimi ni wa Kisesa. Pale kuna watu wanafuatiliwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, tangu 1994, nyumba kwa nyumba, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama, nani ana virusi. Nimekua nikimwona bibi akitoka nje na kigoda akisikia wale wa daftari wamefika. Anajibu kila kitu, mpaka mambo ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kuambiwa. Mnazungumza kumtuza mtafiti na msomi. Bibi je? Bila yeye kufungua mdomo hakuna jedwali hata moja.

#9 Mtafiti Mstaafu

Marahaba mwanangu. Rakai ni kweli, na umeieleza sawasawa. La bibi nalichukua, lina uzito.

#10 Jirani wa Busia

Watani wa Mwanza hamjambo. Mnatafuta tuzo kwenu, sisi Busia tumeshatoa Nobel 😀

2019 Nobel ya uchumi walipewa Banerjee, Duflo na Kremer kwa majaribio ya kupambana na umaskini. Kremer alianzia kazi hiyo magharibi mwa Kenya miaka ya 90. Ule utafiti wao maarufu wa dawa za minyoo na kichocho ulianza 1998 kwenye shule 75 za Busia, yeye na Edward Miguel, ukachapishwa 2004. Utoro ulipungua hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa kuwa wenzao waliacha kuwaambukiza. Kichocho mnakijua, ni cha ziwa hilihili tunalooga sote.

Ila naungana na Ng'wana Magu. Medali ilitolewa Stockholm. Waliokimbia na mizani na vikopo vya kinyesi shule kwa shule ni vijana wa huku.

#11 Nyakato Mashariki

Jirani, kabla hujaondoka na Nobel yako: 2015 wataalamu wa London walichambua upya takwimu hizohizo za Busia, wakakuta makosa ya mahesabu kwenye hiyo sehemu ya kuwanufaisha wasiomeza dawa. Ulikuwa mzozo mkubwa, na wenye utafiti waliujibu. Hata kazi ya Nobel inarudiwa kukaguliwa. Kazi ya chuo chetu nani kaikagua mara ya pili?

#12 Kijana wa Malimbe

Nashukuru kwa michango yote. Huyo Edward Miguel aliyetajwa na jirani alifanya kazi nyingine kwetu. Alichunguza vijiji 67 vya Meatu na kuchapisha 2005. Mwaka wa ukame mkali au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka takriban mara mbili, wakati mauaji mengine hayakuongezeka. Waliouawa karibu wote ni wanawake wazee, wa kaya maskini. Njaa inaingia, bibi anaonekana mdomo wa ziada.

Na kabla yake alikuwepo Mtanzania, Simeon Mesaki, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu mauaji hayohayo Usukumani, Chuo Kikuu cha Minnesota, 1993. Ni kazi ya mwanafunzi, ile! Mpaka leo ukigusa mada hiyo lazima upite kwake. Ndiyo maana nasema kazi ya mwanafunzi si ya kudharau.

#13 Mzee wa Kamanga

Meatu sasa ni Simiyu, tangu mkoa ulipoanzishwa 2012. Wakati wa utafiti ilikuwa Shinyanga.

Na mvua pekee haitoshi kueleza. Sisi tuliokulia vijijini tunajua macho mekundu. Bibi amepika miaka 50 kwa kuni na samadi, moshi umeyala macho, basi yamekuwa ushahidi. Kuna na shamba: mume kafa, ndugu wanalitaka, mjane bado yupo hai. Na kuna waganga wanaotaja majina kwa malipo. Ukimsikiliza mchumi ni mvua, ukimsikiliza daktari ni moshi, ukimsikiliza mwanasheria ni ardhi. Mimi sijaona utafiti uliozikutanisha zote kwenye kijiji kimoja. Mwanafunzi atakayefanya hivyo nitamchangia nauli.

#14 Mama Kayenze

Hamjambo wote. Mimi nafanya biashara ya dagaa, siyo msomi, ila hili linanihusu.

Alikuja binti wa chuo akiuliza hasara ya masika. Dagaa wakinyeshewa kwenye mchanga wanaoza, unawauza kwa wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Akaandika, akaenda. Wengi huishia hapo. Huyu akarudi. Alikuja na karatasi moja, Kiswahili kitupu, akatukusanya pale tunapoanikia, akasoma: hasara yenu kubwa ni mvua, suluhisho ni vichanja na maturubai.

Mwenzetu mmoja, alikuwa anageuza dagaa wake wala hakuinua kichwa, akamwambia mwanangu umekosea. Hasara yetu inaanza majini. Dagaa tunachukua mali kauli, yaani kwa mkopo, kwa tajiri mwenye mtumbwi, bei anapanga yeye kabla hatujaona ndoo, na ndoo yenyewe ana yake ya kupimia, imebonyea tumbo kwa kuwa inagongwa kwa nje. Mvua ikinyesha deni liko palepale. Asiyedaiwa akinyeshewa anaumia siku moja, anayedaiwa anaumia mpaka mwezi ujao.

Binti akanyamaza, akaomba ndoo mbili azipime kwa maji. Tukampa. Akapima mbele yetu, tofauti ikaonekana kwa macho. Baadaye akatupigia simu kwamba sura nzima ameiandika upya. Sijui alipata maksi ngapi. Ila sisi tulimpa tuzo, tulimfungia dagaa wakavu mfuko mzima akapeleka kwao.

#15 Binti Nansio

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Hii ndiyo ninayoiita kutambuliwa. Tuzo iwe na sharti moja: hujarudi kusoma matokeo kwa waliokujibu, hushindani. Kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kazi zinaandikwa Kiingereza, mwenye ndoo hajui ameandikwa nini.

#16 Mtafiti Mstaafu

Mama Kayenze, kile kipimo cha ndoo ni utafiti kamili.

Niwape mfano wa wenzetu. Marekani kuna jumuiya ya wasomi wanaochunguza matatizo ya jamii, ipo tangu 1951. Kila mwaka vitengo vyake vinashindanisha maandiko ya wanafunzi, kitengo cha umaskini peke yake, cha afya peke yake, cha vijana peke yake. Na tangu 1964 wana tuzo ya kitabu yenye jina la C. Wright Mills, mwanasosholojia aliyefundisha kwamba shida ya mtu mmoja na suala la umma ni vitu vinavyopaswa kuunganishwa. Mwanafunzi hashindani na profesa, anashindana na wenzake, kwenye mada aliyoilalia usingizi. Mpangilio huo tungeweza kuufuata bila gharama kubwa. Kwa Afrika, CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi ya jamii lililoanzishwa 1973, limesaidia wanafunzi wengi kuandika tasnifu, ila ni wa juu, siyo wa shahada ya kwanza.

#17 Karabai

Hilo la Mills nimelielewa kwa kuzama. MV Bukoba 1996 taifa lililia. MV Nyerere pale Ukara 2018, taifa lililia. Lakini mtumbwi ukipinduka na vijana wawili, ni msiba wa mwalo, tunazika, kesho kuna giza tunarudi majini bila boya. Wakizama wawili wawili hapa na pale mwaka mzima, hakuna anayejumlisha. Mwanafunzi akipita mialo kumi akijumlisha tu, atakuwa ametufanyia kazi kubwa.

#18 Nyakato Mashariki

Mnakwenda haraka. Nina wasiwasi wa aina mbili na hakuna aliyeugusa.

Kwanza, tuzo ikisimamiwa na wenye madaraka watachagua utafiti unaowasifu. Andika kuhusu doria zinazochoma makokoro na nyavu, andika nani anaachiwa njiani, uone kama utaitwa jukwaani.

Pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwalo ni mdogo. Ukiandika "binti wa miaka 16, anauza chai, alilazimishwa kutoa penzi ili apate samaki", hata bila jina kila mtu anamjua. Utafiti ukikaa stoo, siri yake imekaa. Ukipewa tuzo, ukasomwa redioni na kubandikwa mwaloni, umemvua nguo. Binti Nansio, sharti lako la kurudi kusoma matokeo ni zuri kwa ndoo za dagaa. Kwa mambo haya linaweza kumuumiza mtu.

#19 Binti Nansio

Umenigusa. Basi matokeo ya aina hiyo yasomwe kwa wanawake peke yao, au yachanganywe ya mialo kadhaa, hakuna atakayejua ni wapi. Ila kutorudi kabisa sikubali. Wanatoa siri zao, wanabaki wanashangaa zilikokwenda.

#20 Stesheneri Nyegezi

Bado hamjajibu langu. Nani anakagua?

#21 Mzee wa Kamanga

Waamuzi watatu: msomi, mtu wa takwimu, na mmoja wa jamii yenyewe kama Mama Kayenze. Na mwanafunzi alete madodoso yake yaliyojazwa, siyo kitabu tu. Aliyebadilisha Magu kuwa Misungwi hana madodoso.

#22 Mwl. Buswelu

Hata hayo yanajazwa usiku mmoja chumbani kwa kalamu tofauti tofauti. Mimi nasema wasimamizi. Msimamizi mmoja ana wanafunzi kibao, atasoma ya nani kwa makini? Mpunguzieni mzigo kwanza.

#23 Mwaka wa Tatu

Samahani wakubwa, naingilia. Nasoma ustawi wa jamii, nimeandaa mada ya watoto wanaoparua samaki na kubeba ndoo mwaloni. Msimamizi anasema haipimiki, nibadilishe niandike kuhusu kuridhika kwa wateja wa benki. Nifanyeje?

#24 Mtafiti Mstaafu

Usibadilishe. Inapimika. Chagua mialo miwili, mmoja mkubwa wenye soko na mmoja wa kisiwani. Kaa alfajiri mitumbwi inapoingia, hesabu watoto wanaofanya kazi kila nusu saa mpaka saa nne, siku za masomo na za wikendi, giza na mbalamwezi. Halafu nenda shule iliyo karibu ulinganishe na daftari la mahudhurio kama vijana wa Mwl. Buswelu. Hizo ni namba tosha. Mahojiano yafuate baadaye, watoto wachache, kwa kina. Mpelekee msimamizi mpango huo kwa maandishi, ukurasa mmoja.

#25 Karabai

Na usivae kitambulisho cha chuo shingoni siku ya kwanza, watadhani ni doria, watoto wote watapotea. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, na mtendaji wa kijiji, wakutambulishe.

#26 Mwaka wa Tatu

Nashukuru sana. Ridhaa ya mzazi je? Wengi wako na walezi tu, na mlezi mara nyingi ndiye mwenye mtumbwi anayewatumikisha.

#27 Nyakato Mashariki

Hapo usiingie na fomu ya mlezi peke yake, utakuwa umemwomba ruhusa anayenufaika. Anza na afisa ustawi wa jamii, mwambie mapema utafanya nini ukikutana na mtoto aliyeumizwa, na uandike hilo kwenye maombi yako ya kibali. Mtoto mwenyewe naye umuulize kama anataka kuongea, akikataa umwache. Kuhesabu kwa macho alfajiri unaweza kuanza hata bila mahojiano.

#28 Mama Kayenze

Mwanangu ukija Kayenze uliza wanaoanika upande wa miti, nitafute. Watoto walio kwenye magunia siyo wa kwetu, wale wanatoka visiwani na boti ya asubuhi, wahesabu peke yao.